Skrini ya Tano

Kwa wale wote wanaoamini kwamba kompyuta yenye matundu sita mgongoni inaweza kuendesha skrini sita: poleni sana, na karibuni dukani.

Tusekile Mwambeta alikuwa amekula kiapo cha kuwaokoa watu wa namna hiyo. Alikula kiapo mbele ya bosi wake, mkono mmoja juu ya kebo ya picha na mwingine umeshika andazi, siku aliyoajiriwa kuwa mshauri mkuu wa kompyuta za mezani za kitaalamu hapa Tukuyu. Alikuwa pia mshauri mdogo, na mfagiaji. "Usihesabu matundu," aliwaambia wateja. "Uliza mashine ina nguvu ya kulisha picha ngapi kwa wakati mmoja. Tundu ni dirisha la mkahawa tu. Unaweza kuwa na madirisha sita na jikoni ukawa na mpishi mmoja mwenye mafua."

Wachoraji ramani walimsikiliza. Daktari wa picha za mifupa alimsikiliza, akamshukuru hadi machozi. Mteja mmoja tu ndiye aliyempuuza, na kwa bahati mbaya alikuwa rafiki yake.

Rafiki huyo alimpigia simu alasiri moja ya ukungu, akiongea kwa sauti ya mtu aliyejificha chini ya meza.

"Tuse, njoo huku kwenye mitambo. Sasa hivi."

"Skrini imezima?"

"Haijazima. Ndiyo shida yenyewe."

Mitambo ilikuwa chumba cha vioo juu ya kituo cha magari ya waya, yale yaliyovusha watu bondeni tangu barabara ziliposombwa na mvua za miaka ile. Magari yenyewe yalikuwa vijumba vya bati na kioo, kila kimoja kikining'inia kwenye waya mnene uliopita juu ya minara sita. Kila mnara ulikuwa na kamera, na kila kamera ilikusanya picha pamoja na sauti za magari yaliyo karibu nayo. Kamera sita, kwa hiyo skrini sita ukutani. Chini ya skrini, juu ya meza ya mninga, ilikaa kompyuta aina ya Nguli wa Kati, nyeusi, yenye matundu sita na jiko la wapishi wanne.

Rafiki yake, Ambokile, alikuwa amesimama mbali nayo, mgongo umegusa ukuta. Alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya kampuni, aliyewahi kusimamishwa shule kwa kumvalisha mbuzi wa mwalimu wa zamu tai ya shule. Tusekile hakuwahi kumwona akiogopa kitu, hata yule mwalimu, hata yule mbuzi.

"Angalia ya tano," alisema. "Gari namba nane."

Tusekile aliangalia. Skrini ya tano ilionyesha mnara wa tano, ukungu kidogo, anga jeupe. Gari namba nane lilipita polepole. Ndani yake alikaa mzee mmoja peke yake, amenyooka kama rula, mwavuli katikati ya magoti, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote.

"Yule ni Mwalimu Kajuni," alisema.

"Ndiyo."

"Ambo, tulimzika Jumamosi."

"Najua! Mimi ndiye niliyebeba jeneza upande wa kushoto, bega linaniuma mpaka leo! Tangu Jumatatu anapanda gari la nane kila alasiri, saa yake ile ile. Hashuki popote. Anapita ya tano, anapita ya sita, halafu hayupo."

Mwalimu Kajuni alikuwa mwalimu wao wa zamu katika Sekondari ya Bweni ya Lusungo, mtu aliyeita majina kila jioni kana kwamba anasoma hukumu. Alipostaafu alihamia ng'ambo ya bonde, na kila siku alivuka kuja kusoma magazeti ya bure kwenye kituo. Daima gari namba nane. Hakutaka jingine, angeweza kuacha matatu yapite akilisubiri hilo.

"Tumeita mchungaji," Ambokile alinong'ona. "Anakuja kesho."

Tusekile alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni kikageuza njia. Alikuwa ameona kitu kingine kwenye picha ile, kitu kidogo cha kitaalamu, na kilimtisha kuliko mzimu.

Mwalimu hakuwa na kivuli cha gari usoni. Gari lilipoupita mnara, uso wake ulibaki na mwanga ule ule, laini, sawasawa, kama uso uliopakwa.

"Siku tulipofunga mashine hii," alisema taratibu, "iliuliza swali. Unakumbuka?"

Ambokile alikumbuka. Uso wake ulianza kukumbuka kabla yake.

*

Tusekile alikuwa amemwambia wazi: kwa skrini sita nunua Nguli Mkuu. Ambokile alimjibu kwamba meneja amekataa na kwamba matundu ni sita, ameyahesabu mwenyewe kwa kidole. Basi wakachomeka skrini zote sita kwenye Nguli wa Kati. Nne zikawaka. Mbili zikabaki nyeusi, na maandishi yakajitokeza kwa adabu kubwa:

*Skrini nne zimeitika. Mbili hazijaitika. Je, niitike kwa niaba yao?*

Mtu mwingine yeyote duniani angesita hapo. Lakini hawa wawili walilelewa Lusungo, na Lusungo kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa, nzito kuliko zote zilizoandikwa: jina la mwenzako likiitwa naye yuko nje ya uzio akinunua chapati, unaitika. Unabana pua, unasema "Nipo!", na Mungu anasamehe. Tusekile aliwahi kuitika kwa watu wanne jioni moja, wawili wao wavulana.

"Mwitikie mwenzako," Ambokile alikuwa amesema, akicheka.

Tusekile alibonyeza *Ndiyo*. Skrini mbili zikawaka, nzuri, angavu, nzuri kidogo kuliko zile nyingine. Wakagongeana viganja wakaenda kunywa chai.

"Kwa hiyo ya tano na ya sita…" Ambokile alisema sasa.

"Si kamera. Mashine haina nguvu ya kuzilisha, kwa hiyo inakisia. Ilisoma zile kamera nne za kweli wiki chache za mwanzo, ikajua nani hupanda lini, gari gani, amekaaje. Haijui kwamba watu hufa. Hakuna aliyeiambia."

"Na sauti?"

"Na sauti."

Ambokile alijishika kichwa. Alionekana mtu aliyependelea sana mzimu.

Hapo ndipo gari namba saba lilipoingia kwenye skrini ya tano. Ndani yake alikaa mwanamke mwenye kitenge cha kijani, kikapu cha parachichi mapajani, akitabasamu kuelekea dirishani.

Tusekile alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Leo ilikuwa siku ya soko. Mama yake huvuka kila siku ya soko, akirudi nyumbani wakati huu huu.

"Yumo kweli?" Ambokile aliuliza.

"Sijui," Tusekile alisema. "Hapo ndipo shida ilipo. Sijui."

Nyuma yao kitu kililia. Haikuwa kompyuta, ilikuwa saa ya zamani ya mshale, inayopima uzito unaovutwa na mota. Mshale ulikuwa umeinama hadi kwenye rangi nyekundu na bado ulikuwa ukisukuma. Sakafu ilianza kutetemeka. Mahali fulani juu ya bonde, waya ulikuwa unavuta kitu kisichotaka kuja.

Skrini zote sita zilionyesha shwari.

Ambokile alivuta breki. Magari yote yakasimama angani, yakabembea.

*

Simu ya mezani haikuwapa muda wa kuvuta pumzi. Alikuwa Bwana Mhagama, meneja, akiwa mjini, akitazama skrini zile zile kwenye kompyuta yake.

"Mbona mmesimamisha?"

"Mshale, bosi. Kuna kitu kimekwama."

"Wapi?"

"Hatujui, bosi."

"Mimi naona minara yote sita. Kimekwama wapi? Upepo unaanza, watu wananing'inia. Mshale huo ni wa enzi za babu yangu. Washa, songa mbele."

Mkono wa Ambokile ulisogea kwenye swichi. Haukuwa mkono mbaya. Ulikuwa mkono wa mtu aliyefundishwa kutii kengele tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Tusekile aliuona ukishuka. Akaona pia, kwa uwazi wa ajabu, kwamba angeweza kukaa kimya. Pengine mshale ulikuwa mbovu. Pengine magari yangetembea, mama angefika na parachichi zake, na hakuna mtu ambaye angejua nani alibonyeza *Ndiyo*. Duka lingebaki duka, naye angebaki mshauri mkuu na mdogo.

Na kama mshale ulikuwa mzima, mota ingelivuta lile gari lililokwama hadi likatike.

Akampokonya simu.

"Shikamoo bosi. Mimi ni Tusekile wa dukani, niliyewafungia mashine. Usiamini skrini ya tano na ya sita. Si picha. Mashine inakisia, na mimi ndiye niliyeiruhusu."

"Marahaba. Inakisia vizuri?"

"Bosi?"

"Miezi yote hii nimetazama, sijaona kasoro. Hata mtabiri wa hali ya hewa anakisia, binti, na analipwa. Mwambie huyo kijana awashe. Mambo yako tutayazungumza mbele ya watu wanaohusika."

Simu ikakatwa. Upepo ulipiga vioo vya chumba kwa kiganja wazi. Mshale, ingawa mota ilikuwa imelala, ulikuwa ukirukaruka.

"Amesema niwashe," Ambokile alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Nimesikia. Nipe kwanza kipaza sauti. Tuite majina."

"Tuse, huu si wakati wa utani."

"Naonekana natania?"

Hakuonekana. Akampa.

Kila gari lilikuwa na spika darini na kitufe cha kujibia. Tusekile alisafisha koo, na sauti iliyomtoka ilikuwa, bila yeye kukusudia, sauti ya Mwalimu Kajuni mwenyewe jioni ya zamu.

"Huku ni chumba cha mitambo. Tumesimama kwa usalama wenu. Nitaita kila gari, mniambie kama mko salama. Gari namba moja!"

"Tupo! Kuna nini? Tuna bibi harusi humu!"

"Gari namba mbili!"

"Nipo! Nipo! Tupo!" Sauti nyingi kwa mpigo, wanafunzi, na wengi wao. "Dada, mwambie Baraka aache kutikisa!"

"Wangapi?"

"Saba!"

"Kila mmoja aitike mwenyewe."

Wakaitika, mmoja mmoja. Wa sita alikuwa na sauti inayofanana mno na ya wa tatu.

"Wa sita ni wewe yule wa tatu," Tusekile alisema.

"Samahani dada. Wa sita anatapika kwenye begi."

Ambokile alitoa kicheko kidogo kilichokuwa karibu na kilio. Gari la tatu likajibu, la nne, la tano, la sita. Tusekile akalowanisha midomo.

"Gari namba saba."

"Nipo, mwanangu."

Sauti ya mama, yenyewe hasa, na mkwaruzo wake wa asubuhi. Kwenye skrini ya tano mama alikuwa amegeuka kuitazama kamera, akitabasamu. Tusekile alijifuta macho kwa mkono wa sweta. Yumo. Ni mzima. Kulikuwa na kitu kidogo kilichomchokonoa nyuma ya kichwa, naye akakisukuma kando, kwa sababu hakuna mtu mwenye njaa anayemkagua mpishi.

"Washa basi," Ambokile alisema. "Wote wameitika."

"Bado mmoja," alisema. Akaita kwa ajili ya ukamilifu tu, kwa kuwa zamu ni zamu. "Gari namba nane."

"Nipo," alisema Mwalimu Kajuni.

Sauti kavu, ya puani, yenye subira ya kutisha. Kwenye skrini mzee aliinua mwavuli kidogo, kama alivyofanya zamani aliporidhika na bweni.

Ambokile alirudi nyuma hadi akaangusha kiti. Tusekile hakusogea. Alikuwa amekielewa kile kitu kilichokuwa kikimchokonoa. Tangu azaliwe, kila alipomwita mama yake, jikoni, shambani, hata kanisani, mama hakuwahi kusema "Nipo". Mama alikuwa na jibu moja tu kwa wanawe wote. Na mama hakuwahi kutabasamu ndani ya gari la waya. Mama aliogopa urefu. Alivuka bonde lile macho yamefumbwa, akiwatukana waliolijenga.

*

Njia ya kuzima ilikuwa fupi, na hilo ndilo lilikuwa baya. Tusekile alifungua mipangilio. Maandishi yale yale ya adabu yakaja, safari hii yakiwa na mstari wa nyongeza:

*Nikiacha kuitika, skrini mbili zitazimika na sauti zake zitapotea. Je, niendelee kuitika kwa niaba yao?*

"Ukizima," Ambokile alisema, "hutamwona."

"Simwoni sasa hivi."

"Lakini…" Alinyoosha kidole kwenye skrini. Mama alikuwa bado anatabasamu. Alikuwa mzuri sana. Tusekile alijua kwamba kama lolote baya lilikuwa limetokea kule nje, huyu ndiye mama pekee atakayebaki naye, na angeweza kurudi kila siku ya soko kumtazama akivuka.

Alibonyeza *Hapana*.

Ya tano na ya sita zikafa. Miraba miwili myeusi, kama meno yaliyong'oka.

Sasa palibaki macho manne ya kweli, kwa minara minne ya mwanzo. Ili apate jicho la kuweka kwenye wa tano, lazima amng'oe mtu mwingine jicho. Mnara wa kwanza ulikuwa na bibi harusi. Wa pili ulikuwa na watoto saba, mmoja akitapika. Nao pia walikuwa na mama zao.

Alirudi kwenye kipaza sauti.

"Gari la kwanza, gari la pili, nisikilizeni. Mashine yetu ina macho manne na minara ni sita. Nataka kuhamisha macho yenu kwenda mbele, kwa watu ambao siwaoni kabisa. Nikifanya hivyo, sitawaona ninyi wala kuwasikia. Kila gari lina kengele ya mkono nje ya dirisha. Tukianza kutembea, pigeni bila kuacha. Mkigusa kitu, acheni kupiga. Ambokile atasimama barazani kuwasikiliza kwa masikio yake. Mnakubali?"

Upepo ulijibu kwanza. Kisha sauti ya kike, ya mtu aliyejizoesha kuamua mambo: "Bibi harusi hapa. Hamisha, dada."

Gari la pili walinong'onezana kidogo. "Tunakubali," ikasema ile sauti ya wa tatu. "Na wa sita anakubali. Jibu hili ni lake mwenyewe, amenyoosha kidole."

Tusekile alipiga magoti nyuma ya Nguli. Mikono yake, iliyowahi kuchomeka maelfu ya kebo bila kufikiri, sasa ilipapasa moja moja. Alichomoa kebo ya kwanza. Alichomoa ya pili. Akachomeka ya tano na ya sita mahali pake, akasikia zikibofya, akainuka.

Ukungu. Skrini ya tano haikuonyesha ila ukungu, mchafu, wenye chembechembe, picha mbaya kabisa ambayo asingethubutu kumwonyesha mteja. Kisha upepo ukaupasua.

Mti mzima ulikuwa umeangukia waya upande wa mbele wa mnara. Gari namba saba lilikuwa limejibana kwenye matawi, limeinama ubavu, kioo kimoja kimepasuka. Hatua moja mbele ingelichana. Ndani palikuwa na giza. Parachichi zilikuwa zimetapakaa kwenye kioo cha chini. Hakuna kilichosogea.

"Gari namba saba," Tusekile alisema.

Spika ilitoa mkwaruzo tu.

"Gari namba saba."

Ambokile, mlangoni, alivua kofia bila kujua kwamba ameivua. Kwenye kona ya kompyuta maandishi ya adabu yalijitokeza tena, madogo, yenye huruma: *Mmoja hajaitika. Je, niitike kwa niaba*… Tusekile aliyafuta kabla hayajamaliza.

"Mama?" alisema.

Kitenge cha kijani kikasogea gizani.

"Unataka nini?" mama yake alisema.

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye hasira, aliyeumia mkono, aliyefumba macho. Tusekile aliweka paji la uso juu ya meza ya mninga. Alitaka kusema mengi, akasema lililokuwa la kazi: "Shika chuma cha kiti, mama. Tunakurudisha nyuma. Nyuma, si mbele."

"Basi anzeni! Mmenianika juu huku kama nguo!"

Simu ya mezani ilianza kulia. Hakuna aliyeipokea. Ambokile aligeuza swichi upande wa kurudi, kwa mwendo wa chini kabisa, akakimbilia barazani. Mara bonde likajaa kengele, mbili, za mbali, zikipigwa kwa fujo na watu wasioonekana. Tawi lilikwaruza bati, likang'ang'ania, likaachia. Gari la saba likabembea huru.

Moja baada ya jingine, magari yalirudi kituoni. Watoto saba walishuka, Tusekile akawahesabu kupitia dirishani, na wa sita alikuwepo na begi lake. Mama alishuka akiwa amefumba macho bado, akimtukana mtu aliyemshika mkono, ambaye alikuwa bibi harusi.

La mwisho kufika lilikuwa namba nane. Liliingia kituoni likiyumba, mlango ukafunguka wenyewe kama ulivyotengenezwa. Ndani palikuwa na kiti kilicholowa na jani moja.

Tusekile alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Zamu ni zamu.

"Gari namba nane," aliita.

Wakasubiri wote wawili, muda mrefu kuliko uliohitajika, wakisikiliza spika iliyokuwa kimya. Kisha Ambokile akasimama wima barazani, mikono ubavuni, kofia mkononi, jinsi walivyofundishwa.

"Hayupo," alisema.